Mgongano kwenye kituo cha nyumbani: Kanuni inayowagawa mashabiki wa besiboli

MASHABIKI wa besiboli nchini Marekani wana mijadala miwili isiyokwisha. Wa kwanza unahusu fomu ya wapigaji: nani gongo lake limechangamka, nani ameshuka kiwango, na iwapo kocha amvumilie au amweke benchi. Wa pili unahusu kituo cha nyumbani, mahali ambapo mkimbiaji anayesaka pointi hukutana uso kwa uso na mdakaji anayelinda pointi hiyo isipatikane.

Kwa mtazamo wa haraka mijadala hiyo haihusiani. Hata hivyo, historia ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, inaonyesha kwamba imefungamana kama chanda na pete. Mdakaji ni mlinzi, lakini zamu ya timu yake ikifika naye hushika gongo na kupiga. Akivunjika bega au mguu kwa kugongwa, klabu hupoteza mlinzi na mpigaji kwa wakati mmoja. Ni hasara ya aina hiyo iliyochangia kuilazimisha ligi, mwaka 2014, kuandika kanuni inayodhibiti migongano kituoni hapo.

Makala haya yanaeleza kanuni hiyo ilitoka wapi, inasema nini, kwa nini bado inazua ubishi, na namna fomu ya mpigaji inavyopimwa na wenye kuuelewa mchezo.

Mchezo kwa ufupi

Kila timu huingiza uwanjani wachezaji 9, na mechi ya kawaida ina ngwe 9. Katika kila ngwe, kila upande hupata zamu ya kupiga mpaka wachezaji wake 3 watolewe. Mrushaji husimama umbali wa mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, na nyuma ya kituo hicho huchuchumaa mdakaji, akiwa amevaa barakoa ya chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu.

Mpigaji akiupiga mpira vizuri huanza kuzunguka vituo vinne, na kati ya kituo kimoja na kingine kuna futi 90, yaani mita 27.43. Akikamilisha mzunguko na kugusa kituo cha nyumbani, ambacho ni bamba jeupe la pembe 5 lenye upana wa takriban sentimita 43, timu yake hujipatia pointi. Walinzi nao hujitahidi kuurejesha mpira kwa mdakaji ili amguse nao mkimbiaji kabla hajafika. Akiguswa, ametolewa.

Chanzo cha migongano ni jiografia ya uwanja. Kwenye kituo cha pili na cha tatu, mkimbiaji hulazimika kusimama juu ya kituo, hivyo hupunguza kasi. Kituo cha nyumbani hakimtaki asimame. Akishakigusa kazi imekwisha, na kwa sababu hiyo hufika akiwa katika mwendo wake wa mwisho. Mdakaji kwa upande wake huwa amesimama tuli, macho yakiwa kwenye mpira unaotoka mbali uwanjani, na mara nyingi ubavu wake ndio unaomwelekea mkimbiaji. Mmoja anaona kila kitu, mwingine haoni.

Ikumbukwe pia kwamba hata kabla ya 2014 kitabu cha kanuni kilisema mdakaji asiye na mpira hana haki ya kuziba njia ya mkimbiaji. Waamuzi walikuwa nadra kuitumia. Desturi ndiyo iliyotawala: mdakaji alijenga ukuta, mkimbiaji akajaribu kuuvunja, na watazamaji wakashangilia.

Julai 1970: Bega la Ray Fosse

Mgongano uliozungumzwa kwa muda mrefu zaidi ulitokea Julai 14, 1970, katika mechi ya nyota wa ligi iliyofanyika katika uwanja wa Riverfront mjini Cincinnati. Mechi hiyo haikuwa ya ubingwa wala haikuhesabiwa katika msimamo.

Katika ngwe ya 12, matokeo yakiwa sare ya 4-4, Jim Hickman alipiga mpira uliopenya katikati ya uwanja. Pete Rose, mchezaji wa Cincinnati Reds aliyekuwa nyumbani mbele ya mashabiki wake, alitimua mbio kutoka kituo cha pili. Amos Otis aliurusha mpira kuelekea nyumbani, ambako mdakaji wa Cleveland Indians, Ray Fosse, alikuwa akiusubiri. Kabla hajautia mikononi, Rose alimgonga kwa bega na kumwangusha chini. Pointi ilihesabiwa, na timu ya Ligi ya Taifa ikashinda 5-4.

Fosse alikuwa na umri wa miaka 23. Picha za eksirei za mwanzo hazikuonyesha kuvunjika, na mchezaji huyo aliendelea kushuka dimbani. Baadaye ndipo ilipobainika kuwa bega lake la kushoto lilikuwa limevunjika na kuachana, na kwamba mifupa ilikuwa imeunga vibaya.

Takwimu zake zinasimulia kilichobaki. Kabla ya mechi hiyo alikuwa amekwisha kupiga homurani 16, yaani mapigo yanayovuka uzio wa uwanja. Katika muda uliosalia wa msimu alipiga 2 tu. Fosse aliendelea kuwa mdakaji hodari, akapata tuzo za ulinzi bora mwaka 1970 na 1971, na akatwaa ubingwa na Oakland Athletics mwaka 1973 na 1974. Lakini nguvu ile ya gongo haikurejea. Alifariki dunia mwaka 2021 akiwa bado anakumbukwa zaidi kwa tukio la sekunde chache.

Rose, aliyefariki mwaka 2024 akiwa anashikilia rekodi ya mapigo halali 4,256, alitetea kitendo chake kwa miaka mingi, akisema alicheza ili ashinde. Kwa kanuni za wakati ule hakuwa amevunja lolote. Hapo ndipo mashabiki walipoanza kugawanyika, na hawajapatana hadi leo.

Mei 2011: Mguu wa Buster Posey

Miaka 41 baadaye historia ilijirudia mjini San Francisco. Buster Posey, mdakaji wa San Francisco Giants, alikuwa ameibuka mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Taifa mwaka 2010, mwaka ambao klabu yake ilitwaa ubingwa wa World Series.

Mei 25, 2011, Giants walikuwa wakicheza na Florida Marlins. Katika ngwe ya 12, timu zikiwa sare, Emilio Bonifacio alipiga mpira wa juu uliodakwa na Nate Schierholtz upande wa kulia wa uwanja. Scott Cousins, aliyekuwa kituo cha tatu, alichomoka kuelekea nyumbani. Posey alipiga magoti mbele ya kituo na kugeuka ili amguse, lakini mpira haukuwa umetulia katika glovu yake. Cousins alimvaa kwa bega. Marlins walishinda 7-6.

Posey alivunjika mfupa mwembamba wa sehemu ya chini ya mguu wa kushoto na kuchanika kano za kifundo. Msimu wake uliishia hapo, akiwa amecheza mechi 45 tu. Cousins, ambaye waamuzi hawakumwona na kosa, alijikuta akipokea vitisho kutoka kwa watu wenye hasira.

Tukio hilo liliamsha mjadala mzito kuliko la 1970 kwa sababu moja ya wazi: fedha na thamani ya wachezaji vilikuwa vimepanda mno. Kocha wa Giants, Bruce Bochy, ambaye enzi zake alikuwa mdakaji, alitaka kanuni itazamwe upya. Mike Matheny, mdakaji mwingine wa zamani ambaye mitikisiko ya ubongo ilimlazimisha kuacha kucheza, naye alipokuja kuwa kocha wa St. Louis Cardinals alikuwa miongoni mwa sauti kali za kutaka migongano ikomeshwe. Wakati huo ligi za shule za sekondari na vyuo vikuu nchini Marekani zilikuwa na kanuni zao za kuizuia.

Kanuni ya 2014 inasemaje?

Desemba 2013 kamati ya kanuni ya MLB ilitangaza nia ya kupiga marufuku migongano ya makusudi. Februari 24, 2014, ligi pamoja na chama cha wachezaji walitangaza makubaliano ya kanuni namba 7.13, kwanza kwa majaribio ya msimu mmoja. Kanuni hiyo ilibaki, na baada ya kitabu kupangwa upya sasa inajulikana kama 6.01(i). Ina sehemu kuu mbili.

Sehemu ya kwanza inamhusu mkimbiaji. Haruhusiwi kuacha njia yake ya moja kwa moja kuelekea kituo ili amgonge mdakaji, au mlinzi mwingine yeyote anayelinda kituo hicho, wala kusababisha mgongano ambao ungeweza kuepukwa. Mwamuzi akiridhika kwamba kosa limetendeka, mkimbiaji hutolewa hata kama mdakaji ameuangusha mpira. Dalili zinazotazamwa ni pamoja na mkimbiaji kutofanya jitihada ya kukigusa kituo, kuinamisha bega, au kusukuma kwa mikono na viwiko.

Mkimbiaji anayejirusha chini na kuteleza kwa namna inayokubalika halaumiwi. Akitanguliza miguu, makalio na miguu yake viguse ardhi kabla ya kumfikia mdakaji. Akitanguliza kichwa, mwili wake uguse ardhi kwanza.

Sehemu ya pili inamhusu mdakaji. Asipokuwa na mpira mkononi, haruhusiwi kuziba njia ya mkimbiaji. Akiiziba, mkimbiaji huhesabiwa kuwa salama na pointi inapatikana. Kuna ubaguzi mmoja muhimu: mdakaji anaweza kuingia katika njia hiyo ikiwa ndiko mpira uliporushwa na hakuwa na namna nyingine ya kuudaka.

Kwa maneno mengine, kanuni haikupiga marufuku kugusana. Mdakaji mwenye mpira bado anaruhusiwa kusimama mbele ya kituo, na mkimbiaji asiye na njia nyingine hahukumiwi kwa sababu tu miili imekutana. Kilichokatazwa kwa mkimbiaji ni kumtafuta mdakaji badala ya kutafuta kituo, na kwa mdakaji ni kujenga ukuta kabla ya kuwa na mpira.

Mwaka wa misukosuko

Kanuni hiyo ilizaliwa mwaka uleule ambao MLB ilipanua matumizi ya marudio ya video, hivyo kila tukio la kituo cha nyumbani likawa jambo la kupelekwa kwa waamuzi walioko New York. Matokeo yake hayakutarajiwa. Badala ya kuwaadhibu wakimbiaji wanaogonga, kanuni ilianza kuwaadhibu wadakaji kwa mahali walipoweka mguu.

Mfano unaotajwa sana ni wa Julai 31, 2014. Miami Marlins walikuwa wakiongoza Cincinnati Reds 1-0 katika ngwe ya 8. Giancarlo Stanton alirusha mpira kutoka uwanda wa kulia, na mkimbiaji wa Reds, Zack Cozart, aliguswa na mdakaji Jeff Mathis akiwa bado hajafika. Hapakuwa na mgongano wowote. Baada ya uchunguzi wa video uliochukua takriban dakika 6, ilielezwa kwamba Mathis alikuwa ameziba njia kabla ya kuupata mpira. Uamuzi ukabadilishwa, pointi ikahesabiwa, kocha wa Marlins, Mike Redmond, akatolewa nje kwa kupinga, na Reds wakashinda 3-1.

Septemba mwaka huo ligi ilitoa ufafanuzi kwa klabu kwamba mkimbiaji ambaye angetolewa kwa vyovyote vile asipewe pointi kwa kosa la kiufundi lisilomzuia. Maelezo ya kanuni ya sasa yanasema wazi kuwa mdakaji hatahesabiwa amekosa isipokuwa kama ameziba njia bila ya kuwa na mpira na pia amekwaza mwendo wa mkimbiaji. Masharti yote mawili lazima yatimie.

Ubishi haukukoma. Juni 19, 2017, Anthony Rizzo wa Chicago Cubs alimgonga mdakaji wa San Diego Padres, Austin Hedges. Ligi ilisema kanuni ilivunjwa, lakini Rizzo hakupewa adhabu. Julai 7, 2019, Jake Marisnick wa Houston Astros alimgonga mdakaji wa Los Angeles Angels, Jonathan Lucroy, aliyepata mtikisiko wa ubongo na kuvunjika pua. Safari hii Marisnick alitolewa papo hapo, na ligi ikamfungia mechi 2. Mashabiki walibaki wakiuliza kwa nini makosa yanayofanana yapate hukumu tofauti.

Hoja za pande mbili

Wanaoipinga kanuni wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Wanasema pointi ndiyo roho ya mchezo, na mlinzi wa mwisho anapaswa kuwa na haki ya kuipigania. Wanaongeza kwamba mdakaji wa sasa hujitenga pembeni na kunyoosha glovu kama anayefukuza nzi, hivyo mkimbiaji ambaye zamani angetolewa sasa huponyoka. Aidha, wanalalamika kwamba mechi inaweza kuamuliwa na sentimita chache za kisigino ambazo jicho la kawaida haliwezi kuziona.

Wanaoiunga mkono hujibu kwamba hakuna kituo kingine uwanjani ambako mchezaji aliruhusiwa kumgonga mwenzake aliyesimama tuli na kusifiwa kwa hilo. Wanauliza pia ni nani aliyenufaika na bega la Fosse, katika mechi isiyo na pointi ya ligi. Kwao, barakoa na kinga za mdakaji zilitengenezwa kumkinga na mpira, si na mtu mzima anayekuja kwa kasi.

Hoja ya pili ilipata nguvu zaidi mwaka 2015. Oktoba 10, katika mechi za mtoano, Chase Utley wa Los Angeles Dodgers aliteleza kwenye kituo cha pili na kumvunja mguu Ruben Tejada wa New York Mets. Kufikia msimu wa 2016 ligi ilikuwa imeweka kanuni nyingine, 6.01(j), inayomtaka mkimbiaji kuteleza kwa nia ya kweli ya kufika kituoni. Somo la nyumbani lilikuwa limehamia katikati ya uwanja.

Fomu ya mpigaji hupimwaje?

Kipimo kikongwe ni wastani wa mapigo: idadi ya mapigo halali hugawanywa kwa zamu rasmi za kupiga. Mpigaji mwenye mapigo 150 katika zamu 500 ana wastani wa 0.300, na kwa vizazi vingi namba hiyo imekuwa alama ya mpigaji mzuri. Maana yake ni kwamba hata mahiri hushindwa mara 7 katika kila zamu 10.

Mchezaji wa mwisho kufikisha 0.400 katika ligi kuu mbili zinazounda MLB ni Ted Williams wa Boston Red Sox mwaka 1941. Siku ya mwisho ya msimu ilimkuta akiwa na wastani ambao ukikadiriwa ungesomeka 0.400. Angeweza kukaa benchi na kuilinda namba hiyo. Alicheza mechi zote mbili za siku hiyo, akapata mapigo 6 katika zamu 8, na akamaliza na 0.406. Mwaka huohuo Joe DiMaggio wa New York Yankees alipata angalau pigo moja halali katika mechi 56 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa.

Wastani wa mapigo una upungufu wake. Hauhesabu mara ambazo mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure baada ya mrushaji kutupa mipira 4 mibovu, na haubagui pigo dogo na homurani. Ndiyo maana wachambuzi wa sasa hujumlisha asilimia ya kufika kituoni na kipimo cha nguvu ya mapigo, na kutazama pia kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo.

Jambo linalosahaulika zaidi na mashabiki ni bahati. Tofauti ya mpigaji wa 0.250 na wa 0.300 katika zamu 500 ni mapigo 25, yaani takriban pigo moja kwa wiki katika msimu wa miezi sita. Mpira mmoja ukidunda upande huu badala ya ule, shujaa huonekana wa kawaida. Hesabu za uwezekano zinaonyesha kwamba mpigaji halisi wa 0.300 anaweza kutarajia, katika msimu mmoja, kupita zamu 10 mfululizo bila pigo karibu mara 4, pasipo kuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo kumshambulia mchezaji kwa wiki moja mbaya ni sawa na kuhukumu masika kwa siku moja ya jua.

Lakini zipo nyakati ambapo namba husema kweli. Chris Davis wa Baltimore Orioles alipiga homurani 53 mwaka 2013 na 47 mwaka 2015, kisha akapewa mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola milioni 161. Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa 0.168. Kati ya Septemba 2018 na Aprili 2019 alipita zamu 54 mfululizo bila pigo halali, rekodi mbaya kuliko zote kwa mchezaji asiye mrushaji. Alipolipata hatimaye, Aprili 13, 2019 mjini Boston, aliomba ahifadhiwe mpira huo.

Pale mijadala miwili inapokutana

Posey alirejea mwaka 2012. Wengi walitilia shaka iwapo mguu uliovunjika ungebeba uzito wa kuchuchumaa kila siku. Alimaliza msimu akiwa na wastani wa 0.336 na homurani 24, akawa mdakaji wa kwanza kuongoza Ligi ya Taifa kwa wastani wa mapigo tangu Ernie Lombardi mwaka 1942. Alitajwa kuwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi, na Giants wakawa mabingwa tena. Alistaafu mwaka 2021, na mwaka 2024 klabu hiyo ilimkabidhi uongozi wa shughuli zake zote za besiboli.

Fosse na Posey ni sura mbili za ajali moja. Wa kwanza alipona bila kupona, wa pili alirudi akiwa bora zaidi. Kanuni nzuri haiwezi kutungwa kwa kutegemea kwamba kila majeruhi atakuwa Posey.

Hata hivyo, si haki kuipa kanuni sifa isizostahili. Joe Mauer wa Minnesota Twins, mdakaji aliyeongoza Ligi ya Marekani kwa wastani wa mapigo mwaka 2006, 2008 na 2009, alipata mtikisiko wa ubongo Agosti 2013. Hakugongwa na mkimbiaji. Mpira uliochepuka kutoka kwenye gongo ulimpiga kwenye barakoa. Mwaka uliofuata alihamia kituo cha kwanza, na wastani wake ukashuka kutoka 0.324 hadi 0.277. Kuchuchumaa, mipira ya kuchepuka na idadi ya mechi 162 kwa msimu vinaendelea kuwachosha wadakaji hata pale ambapo hakuna anayewagonga.

Kwa upande mwingine, mwaka 2025 Cal Raleigh wa Seattle Mariners alipiga homurani 60, na kuipita kwa mbali rekodi ya 48 ya wachezaji wanaotumikia zaidi nafasi ya mdakaji, iliyowekwa na Salvador Perez mwaka 2021. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kanuni ya 2014 ndiyo iliyompa Raleigh mafanikio hayo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba klabu yenye mdakaji wa aina hiyo ina sababu ya kutosha ya kutotaka amalize msimu hospitalini kwa ajili ya pointi moja.

Afrika Mashariki nayo imo

Mchezo huu si mgeni kabisa katika ukanda huu. Mwaka 2012 vijana kutoka Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Marekani, na waliishinda timu ya Oregon 3-2. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka 2023 mdakaji kutoka Uganda, Dennis Kasumba, alipata nafasi katika timu ya Frederick Keys nchini Marekani. Nchini Tanzania mchezo huo umeingia mashuleni kwa msaada wa Wajapani, na mashindano ya taifa yamepewa jina la Koshien, uwanja maarufu wa Japani.

Kwa watoto hao kanuni ni kali kuliko ya MLB. Katika Little League, mkimbiaji anayemkuta mlinzi akiwa na mpira mkononi na anamsubiri hana budi kuteleza au kumkwepa. Asipofanya hivyo, ametolewa.

Ya kutazama

Kwa shabiki anayetaka kuamua mwenyewe mbele ya televisheni, maswali manne yanatosha. Je, mdakaji alikuwa na mpira alipoingia njiani? Kama hakuwa nao, je, mpira wenyewe ndio uliompeleka pale? Je, alimkwaza kweli mkimbiaji? Na je, mkimbiaji alikuwa akikitafuta kituo au akimtafuta mtu?

Atakayejibu maswali hayo kwa utulivu ataona kwamba mara nyingi mwamuzi hakukosea, ingawa uwanja mzima unazomea. Na akitaka kujua fomu ya mdakaji anayenyanyuka kutoka mavumbini, asubiri zamu nyingi, si mbili tatu. Mwaka 1970 ilichukua miezi watu kutambua kilichovunjika katika bega la Fosse, wakati gongo lake lilikuwa limeshaanza kunyamaza.